Hodi ya Toleo la Sita

Nyangeta mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, ulipokuwa unatafuta kiatu chini ya kochi na bodaboda anapiga honi nje, kwa hiyo sizirudii. Wewe sasa uko njiani kwenda Butiama kumuaga bibi yako. Mimi nimekaa dukani kwetu hapa Kamunyonge, chumba cha mbele cha nyumba, mlango nimeurudishia ili wateja wadhani nimetoka. Kompyuta iko kulia, karatasi hii iko kushoto, na katikati kuna chai ambayo naona itapoa bila kunywewa. Nimechangamka mno, mwanangu. Tangu umetoka nimeinuka kwenye kiti sijui mara ngapi kwenda kuangalia taa za ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, utadhani zitabadilika kwa kuangaliwa.

Barua hii nitaisokomeza ndani ya begi lako, katikati ya mashuka, uikute Dodoma. Kama kweli utakwenda Dodoma.

Hilo neno "kama" naliandika kwa hasira kidogo, maana wewe ndiye uliyelileta. Umepata kazi kwenye kituo kikubwa cha mitambo ya mtandao, kazi ambayo mimi nikiwa na umri wako sikujua hata kwamba ipo duniani. Halafu jana jioni, nguo zimeshapigwa pasi, unaniambia: "Mama, mimi siendi. Nikiwa kule nitakusaidiaje? Hata kuingia kwenye mashine ya nyumbani siwezi."

Na ulisema kweli. Huo ndio ugonjwa wetu wa siku zote. Sisi tunawapelekea watu mtandao kwa antena, kutoka kwenye paa letu, kilima hadi kilima, mpaka shule ya Guta, zahanati ya Buhemba na ile ofisi ya Butiama, lakini sisi wenyewe mtoa huduma mkubwa ametuficha. Anwani za mtandao za toleo la nne, zile namba zinazotambulisha kila kifaa, zilikwisha siku nyingi. Ni bilioni nne na ushee tu, na vifaa vya watu vimezidi hapo zamani. Kwa hiyo yeye huchukua anwani moja ya nje akawaweka wateja wengi nyuma yake, na sisi tumo humo. Tukitoka nje tunatoka vizuri, na majibu yanarudi. Ila mtu wa nje akitaka kuja kwetu haioni nyumba yetu. Anaiona anwani ya mtoa huduma, na nyuma yake kuna umati wa watu.

Ndipo mwezi huu mtoa huduma akatufungulia toleo la sita, zile anwani ndefu zenye namba na herufi, nyingi kiasi kwamba kila balbu ya mkoa wa Mara ingepata yake na zisionekane kupungua. Ukaweka ruta mpya, ukataka kuimaliza kazi jana hiyo hiyo. Mimi nikakunyang'anya waya. Nilikuambia mashine ya nyumbani nitaiwekea anwani mwenyewe, bila kukuuliza neno, kwa sababu ukifanya wewe, siku ikiharibika nitakaa naitazama tu. Ukacheka, kisha ukaweka sharti lako: "Sawa, Mama. Kesho nikiwa kwa Bibi nitapiga hodi kwa simu yangu, kwa toleo la sita, moja kwa moja. Ukiniitikia kabla jua halijazama, napanda basi la alfajiri. Usiponiitikia, nawaandikia kwamba kazi siitaki."

Basi ndiyo hivyo. Mwanangu anakwenda au haendi kwa sababu ya namba ambayo mimi natakiwa kuiandika sawasawa. Na wewe ni mkaidi, utatimiza ulilosema. Najua ukaidi huo ulikoutoa.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za kuvaa sweta, wala za nani usimfungulie mlango. Hayo tumeyaimba mpaka umekinai. Nataka kukuandikia nilipokosea. Vitu vingine nimevisoma nusunusu, ila makosa yangu nimeyasoma mpaka ukurasa wa mwisho.

La kwanza unalijua juujuu. Ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba tulilala Guta na ukala miwa mpaka ukaumwa tumbo. Wakati ule nilikuwa nimefunga mtandao sehemu tatu, kila moja peke yake: hapa dukani, shule ya Guta, na Butiama. Ndani ya kila sehemu nilitumia anwani za ndani, zile zinazoanza na 192.168, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia nyumbani kwake kwa sababu hazitoki nje. Nilianza nazo dukani, zikakubali. Nikaenda Guta nikaweka zile zile, hadi printa ya shule nikaipa namba ya printa ya dukani. Butiama nako vivyo hivyo. Niliona raha iliyoje! Nikishika namba za sehemu moja nimeshika za Mara nzima.

Siku nilipoziunganisha sehemu hizo kwa antena za kilimani ziwe mtandao mmoja, balaa likaanza. Ofisi ya Butiama ilichapa barua ya kumtaka mtumishi wake ajieleze kwa utoro, na barua ikatoka kwenye printa ya shule, Guta. Mwalimu mkuu akadhani imetumwa na wakubwa, akaanza kuisoma kwa sauti mbele ya walimu. Mwalimu mmoja akasimama kujitetea kabla hata jina halijatajwa.

Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Unawajua watu wa kwao Guta. Babu zako wote, ndugu kwa ndugu, kila mmoja alimpa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la marehemu baba yao, wakajaa kina Magesa kwenye boma moja, na baba yako mmojawapo. Mtu akiita "Magesa, njoo!" wanakuja wanne, na aliyetakiwa ni yule aliyekwenda malishoni na ng'ombe. Baba yako akanitazama nilivyochanganyikiwa na waya mkononi, akasema, "Mama Nyangeta, kumbe na wewe umeuingiza ukoo wetu kwenye mtandao, vile ulivyokuwaga?"

Nilipanda mapaa yote yale upya, nikabadilisha namba kifaa kwa kifaa. Siku hizo ndipo nilipojifunza kwamba kilichofanya kazi mahali pamoja nilikuwa nakipeleka kila mahali bila kuwauliza wa huko. Si kwenye mtandao peke yake. Hata wifi zangu nilikuwa nawapikia kama tunavyopika kwetu, na nikashangaa kwa nini sahani zinarudi zimejaa. Dodoma utakuta watu wana namna zao za kufanya mambo. Jibu la Musoma unalo, na ni zuri, lakini sikiliza kwanza swali lao.

Ngoja. Simu imelia. Umefika kwa bibi, unasema amekushika mkono na hataki kuuachia. Unauliza: "Nipige hodi?"

Subiri kidogo, mwanangu, naigeukia mashine.

Nimerudi, na nina la kukuchekesha. Nimeiwekea mashine anwani ya toleo la sita mwenyewe, kama nilivyoahidi. Kisha nikaijaribu kwa ile anwani fupi, ::1, ikajibu papo hapo. Nikashangilia hadi kuku wa jirani wakakimbia. Nimekaa kidogo ndipo nikakumbuka kwamba hiyo ni anwani ya mashine kujisemesha yenyewe. Ingejibu hata kama nimekata waya wote wa mtaa. Nilikuwa nashangilia mashine inayozungumza peke yake.

Sikukata tamaa. Nikaangalia orodha, nikaona anwani ndefu inayoanza na fe80, nikaipenda kwa urefu wake, nikakutumia. Ukajaribu. Ukanijibu: "Mama, haifiki." Hukuongeza neno, na nakushukuru kwa kutoongeza, maana najua vidole vilikuwasha. Mimi nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha, kazi zote za mtu asiyejua anatafuta nini. Halafu nikaisoma tena ile fe80 na nikajipiga paji la uso. Hiyo kila kifaa hujipa chenyewe kinapowashwa, ili kisalimiane na jirani wa waya ule ule. Ruta haiipitishi kwenda nje hata uiombe vipi. Ni sawa na zile simu zetu: "Uko wapi?" "Nipo hapa." Hapa wapi? Mtu aliye ndani ya nyumba anaelewa. Wewe uko Butiama, "hapa" yangu itakusaidia nini?

Ya kukutumia ni ile inayoanza na 2, inayojulikana dunia nzima. Ipo kwenye orodha hiyo hiyo, mstari wa chini yake. Nimekutumia. Sasa nasubiri.

Wakati nasubiri nikueleze la pili, na hili hulijui lote.

Unajua kwamba watu wa Guta na Buhemba kwa miaka mingi walikuwa wakiniita "mke wa Fundi Magesa". Wewe ulidhani ni mazoea ya watu. Si mazoea. Nilifanya mimi. Nilipoanza kazi hii nilipeleka barua ya kuomba kazi kwa jina langu, Veronika, mara ya kwanza na ya pili, na sikujibiwa. Ya tatu nikaandika Fundi Magesa, wakaniita kesho yake. Nikaenda na ngazi na koleo. Mwalimu mkuu wa Guta akatoka ofisini, akanipita, akachungulia barabarani.

"Fundi mwenyewe yuko nyuma?"

"Anakuja," nikamwambia. "Amenituma nitangulie kuandaa."

Nikamaliza kazi yote nikiwa "naandaa". Ikawa ndiyo desturi. Kazi ikisifiwa inasifiwa kwa Magesa, ambaye wakati huo yuko shambani na pamba yake na hajui waya wa mtandao na kamba ya mbuzi zinatofautianaje. Na nilijisikia salama, Nyangeta, hilo ndilo nataka ulijue. Kikiharibika kitu, lawama zinamfikia yeye. Mimi natoka nje kufanya kazi yangu na kurudi ndani, na hakuna anayeweza kunitafuta. Kama tu hii nyumba yetu nyuma ya anwani ya mtoa huduma. Kutoka natoka, ila kufikiwa sifikiki.

Mpaka siku ulipokuwa bwenini na kule Bunda wakamwalika Fundi Magesa azungumze na vijana wanaosomea ufundi. Ungemwona baba yako! Hakukataa. Alivaa koti la kanisani, akapaka viatu rangi, mimi nikakaa nyuma yake na mkoba. Akawasalimia vizuri sana. Akawaambia vijana wafanye kazi kwa bidii, wawaheshimu wazazi, wasile chakula kwa mikono michafu. Wakapiga makofi. Kisha kijana mmoja wa kike akanyoosha mkono, akauliza hivi kifaa cha zamani cha toleo la nne na kipya chenye toleo la sita peke yake vinaongeaje.

Baba yako akatafakari. Akajikuna kidevu. Halafu akageuka, akaninyooshea mkono mbele ya watu wote, akasema, "Swali zuri sana. Hilo huwaga analijibu Fundi mwenyewe. Simama, Fundi."

Nikasimama. Nikajibu, na nilipoanza sikunyamaza mpaka mwenyeji alipotazama saa mara ya pili. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza baba yako kama aliona aibu. Akasema alikuwa amechoka kupongezwa kwa kazi asiyoijua, kila akienda mnadani watu wanamuuliza habari za antena. Kumbe nilikuwa nimemtwisha na yeye mzigo.

Nilipoteza miaka pale nyuma, mwanangu. Dodoma watakuja watu wazuri tu, watakuambia, acha nikusemee, acha kazi ipite kwa jina langu, ni haraka zaidi. Na kweli ni haraka zaidi. Sikuambii ukatae kila mara, siku nyingine mtu anahitaji kivuli. Nakuambia tu kwamba mimi nilikaa kivulini hadi nikasahau kwamba nilikuwa nimepita tu.

Ujumbe wako umeingia: "Bado Mama. Haijibu kabisa."

Mungu wangu. Anwani ni sahihi, nimeikagua herufi kwa herufi. Jua limeshavuka paa la kanisa.

Nimetembea mpaka ufukweni na kurudi ili nisikupigie simu. Mama mmoja alikuwa akipara sato, nikamnunua mmoja mkubwa, kwa hiyo ukirudi utakula, uende usiende. Njiani nilikuwa nakuwaza wewe na bibi yako huko uani, mko wawili, na mimi sipo katikati. Mara ya kwanza.

Hapo ndipo penye kosa langu la tatu, na hili ndilo linaloniuma. Bibi yako, mama yangu, anaongea Kizanaki, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na sokoni. Wewe umekulia Musoma, kwa baba Mjita, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha nyumbani. Tangu ukiwa mgongoni mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wenu. Anasema yeye, natafsiri. Unasema wewe, natafsiri. Ilikuwa rahisi, na nilijiona wa maana. Lakini nilikuwa mkalimani mvivu. Bibi ataongea kitambo kirefu, mikono inaruka, machozi yanamlenga, kisha wewe unauliza, "Anasemaje?" na mimi najibu, "Anakusalimia." Habari nzima ya jina lako, ya mama yake aliyebeba jina hilo kabla yako, ya njaa waliyovuka, nimeikata ikawa "anakusalimia".

Ndivyo nilivyomjibu yule binti wa Bunda kuhusu vifaa vyake, ila sikujua kwamba nilikuwa najisema. Nilimwambia kwamba matoleo haya mawili hayaelewani yenyewe kwa yenyewe. La sita halikutengenezwa liwe nyongeza ya la nne, ni lugha nyingine. Unaweza kuweka mkalimani katikati, kifaa kinachogeuza anwani za huku kuwa za kule. Kinasaidia, na mara nyingi hakuna njia nyingine. Lakini kuna programu zinazobeba anwani ya zamani ndani ya ujumbe wenyewe, mkalimani haioni, na ujumbe unakwama bila mtu kujua kwa nini. Njia iliyo nzuri, inapowezekana, ni kifaa kimoja kuwa na anwani zote mbili. Akija wa zamani kinamjibu kwa ya zamani, akija mpya kinamjibu kwa ile mpya, na hakuna kinachopotea katikati. Ni kazi mara mbili, kweli. Unalinda milango miwili, unaandika kila kitu mara mbili. Mimi kwako niliikwepa kazi hiyo. Ningekusemesha Kizanaki nikikuogesha, leo ungekuwa na lugha zote mbili bila jasho.

Nimefika dukani nikiwa nawaza hivyo, na simu ikawa na ujumbe wako mwingine, si wa mtandao: "Mama, Bibi ananifundisha majina ya vyombo vyake vyote. Ananicheka sana. Nimemwelewa kitu kirefu peke yangu leo, nitakwambia."

Nimeusoma nikiwa nimesimama na samaki mkononi. Nimelia kidogo, Nyangeta, na nimecheka. Kitu kirefu! Wewe mwenyewe!

Na palepale, samaki angali mkononi, nikajua tatizo liko wapi. Milango miwili! Toleo la nne na la sita, kila moja lina mlango wake kwenye ruta. Miaka yote hii sikuwahi kuufikiria ulinzi, kwa sababu tulikuwa tumefichwa nyuma ya anwani ya mtoa huduma na hakuna aliyeweza kutufikia. Nilidhani tumefunga. Kumbe kufichwa na kufunga ni vitu viwili. Toleo la sita linakutoa hadharani, na wewe, mwana mwenye akili, ulipoweka ruta mpya uliifunga kwa kila anayeingia kutoka nje. Hodi zako zote za anwani hii ya 2 zilifika kibarazani, zikagonga, na hakuna aliyeambiwa afungue.

Sasa nisikilize, maana hapa nilijaribiwa. Kuna kitufe kimoja cha kuzima ulinzi wote. Ningekibonyeza, ungeingia sekunde ile ile. Na yeyote mwingine duniani angeingia nyuma yako, mpaka kwenye kompyuta za zahanati ya Buhemba zenye majina ya wagonjwa. Dirisha limeshaanza kuwa na rangi ya chungwa upande wa ziwa, na kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nimekiondoa. Nimeandika kanuni moja tu: mashine hii moja, mlango huu mmoja, na mashine yenyewe haimkubali mtu asiye na ule ufunguo wa siri uliouhifadhi kwenye simu yako. Nimekosea mara ya kwanza, nikafuta, nikaandika tena. Nikahifadhi. Nikakuandikia: "Gonga."

Nikakaa.

Nilisikia pikipiki ikipita, na mtu akiwaita watoto wake waoge. Kisha, kwenye kioo cheusi cha kompyuta, bila mimi kugusa kitu, likatokea neno moja.

Hodi.

Niliruka, mwanangu! Kiti kilianguka. Chai nayo ilimwagika, utaona doa lake hapo juu ya karatasi. Kutoka uani kwa mama yangu, Butiama, hadi mezani kwangu, hakuna wa kutusemea wala wa kutuficha katikati. Nikaandika kwa vidole viwili: Karibu. Ukajibu kwamba bibi anauliza mashine imesema nini, na kwamba ulimweleza mwenyewe, kwa Kizanaki chako cha leo, akapiga vigelegele.

Kisha nikaona alama inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na ukaandika:

Kwa hiyo Mama, naenda?

Ni hapo tu ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakihangaikia tangu asubuhi. Nilikuwa nimeishika kazi hii kama mtu anayetaka kushinda mchezo. Sikufikiri kwamba nikishinda nitakuwa nimeiondoa sababu yako ya mwisho ya kubaki. Nyumba itakuwa kimya. Ngazi nitaishika na nani? Vidole vyangu viwili vilikaa juu ya herufi kwa muda, na wewe huko ukafikiri mtandao umekatika, maana uliandika, Mama upo?

Nipo. Na furaha niliyo nayo haijapungua hata tone kwa sababu ya hilo, imechanganyika tu, na mchanganyiko huo ni mtamu kuliko nilivyotegemea. Nimekujibu: Nenda, mama. Nenda.

Sasa bodaboda wako atakuwa anashuka huku. Samaki yuko jikoni, baba yako ameleta mihogo kutoka Guta na anauliza kwa nini nimelowa chai. Naikunja barua hii kabla hujaingia. Ukiisoma huko, usinipigie simu kwanza. Fungua mashine, ugonge. Nitakuwa hapa, na safari hii "hapa" ina namba unayoijua.

Ni mimi,
Fundi Veronika, mama yako